Uchakataji sambamba wa mchemraba wa data na mipangilio ya seva

Mchemraba wa data ni hifadhi ya takwimu zilizokwisha kujumlishwa mapema kwa pande kadhaa, ili anayeuliza swali apate jibu bila kuisubiri mashine ihesabu upya mamilioni ya rekodi. Tuchukue takwimu za samaki wanaoshushwa katika mialo ya Kigoma. Kila rekodi ina tarehe, mwalo, aina ya samaki, kilo na bei. Tarehe, mwalo na aina ni pande za mchemraba; kilo na bei ndizo zinazopimwa. Ofisa uvuvi anayetaka kulinganisha dagaa walioshushwa Kibirizi na migebuka walioshushwa Katonga, mwezi kwa mwezi, hupata jibu papo hapo kwa sababu jumla hizo zimeshatengenezwa na kuhifadhiwa.

Gharama ya wepesi huo hulipwa wakati wa kuchakata. Pande huzidishana: siku 365, mialo 40 na aina 5 za samaki huzaa visanduku 73,000 kwa mwaka mmoja, kabla hatujaongeza upande wa aina ya chombo au wa giza na mbalamwezi, ambao kwa uvuvi wa dagaa wa kutumia taa hauwezi kupuuzwa hata kidogo. Ndiyo maana mchemraba hugawanywa katika mafungu, kwa mfano fungu la kila mwezi au la kila mwalo, na seva ikaagizwa kuyachakata mafungu kadhaa kwa wakati mmoja. Huo ndio uchakataji sambamba.

Katika Microsoft SQL Server Analysis Services, ambayo ni mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii, uchakataji wa fungu una hatua mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kwanza seva husoma rekodi kutoka hifadhidata ya chanzo, na hapo kinachochelewesha mara nyingi ni diski, mtandao au hifadhidata yenyewe. Kisha hujenga faharasa na majumlisho, kazi inayokula prosesa na memori. Anayetaka kuharakisha aziendeshe hatua hizi kila moja peke yake na kupima muda wake, kwa kuwa kuongeza prosesa hakumsaidii mtu ambaye seva yake inakaa bure ikingoja data.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, mafungu yenyewe yatazamwe. Tuseme mialo minane ina fungu moja moja, fungu la Kibirizi linachukua dakika 40, na mengine saba yanachukua dakika 5 kila moja. Yakichakatwa moja baada ya jingine, kazi nzima ni dakika 75. Yakiendeshwa yote manane pamoja, ni dakika 40, maana mwisho wa kazi huamuliwa na fungu refu kuliko yote, na hata ukiruhusu kazi 16 kwa pamoja dakika hizo 40 hazipungui. Lakini fungu la Kibirizi likigawanywa mara nne, kila sehemu dakika 10, kazi yote inaweza kumalizika kwa dakika 10 ikiwa mashine ina nguvu ya kutosha. Kugawanya kwa mwezi nako hakuleti usawa wenyewe: Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, miezi ya Juni na Julai ilibaki karibu mitupu huku miezi ya msimu ikijaa.

Kuna pia sehemu ya kazi isiyogawanyika. Pande za mchemraba, kwa mfano, sharti zichakatwe kabla ya mafungu yanayozitegemea. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alieleza kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Sehemu moja ya kumi ya kazi isipogawanyika, prosesa yenye viini 8, yaani sehemu nane zinazohesabu kwa wakati mmoja, haitaongeza kasi hata mara tano, na viini vingi kiasi chochote havitaivusha mara kumi.

Mipangilio yenyewe hushikana, na hapa ndipo wengi hupoteza muda kwa kupandisha namba moja tu. Mpangilio uitwao CoordinatorExecutionMode huamua ni kazi ngapi ziendeshwe kwa pamoja. Thamani yake ya awali ni -4, ikimaanisha nne kwa kila kiini, yaani 32 kwenye viini 8. Hata hivyo, miunganisho kati ya seva na hifadhidata ya chanzo ina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni 10. Kwa hiyo mafungu 32 yanaweza kuruhusiwa kuanza, lakini yasizidi 10 yakawa yanasoma data kwa wakati mmoja, na mengine yakangoja foleni. Kikomo hicho kipandishwe polepole, kwa kuangalia kama hifadhidata ya chanzo inamudu, kwa sababu maswali mengi mazito yanayogombea diski moja huweza kuchukua muda mrefu kuliko yakipangwa zamu.

Memori ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kila fungu linalochakatwa hutengewa sehemu ya memori kwa ajili ya ujumlishaji. Sehemu hiyo ikiwa kubwa mno, mafungu machache tu huingia kwa pamoja. Ikiwa ndogo mno, majumlisho humwagwa kwenye diski na kasi huanguka. Juu yake kuna mipaka ya seva nzima: kwa kawaida seva huanza kuachia memori isiyo ya lazima inapofika asilimia 65 ya memori ya mashine, na hubana zaidi inapofika asilimia 80.

Asilimia hizo zinafaa mashine ambayo haina kazi nyingine. Katika ofisi nyingi za mikoani, Kigoma ikiwemo, seva ni moja, nayo inabeba hifadhidata ya chanzo pamoja na mchemraba. SQL Server, yaani programu inayoendesha hifadhidata ya chanzo, isipowekewa kikomo haina ukomo wa maana katika kuchukua memori, hivyo programu mbili hushindana, na mfumo wa uendeshaji hulazimika kuhamishia data kwenye diski. Kwenye mashine ya GB 32, mgawanyo wa kuanzia unaoweza kutetewa ni GB 12 kwa hifadhidata, GB 14 kwa mchemraba, na zinazobaki kwa mfumo wa uendeshaji, kisha upimwe usiku mmoja wa uchakataji kamili kabla ya kubadilisha namba nyingine yoyote.