Testosteroni ya Sindano Inavyosimamisha Uzalishaji wa Mbegu za Kiume

Katika kliniki za uzazi kuna kifaa kinachowashangaza wengi wanaokiona kwa mara ya kwanza: shanga 12 zilizotungwa kwenye uzi mithili ya tasbihi, ndogo kabisa ikiwa na ujazo wa mililita 1 na kubwa kabisa mililita 25. Daktari hupapasa korodani kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukitafuta shanga inayolingana nayo. Kwa mwanamume mzima tunatarajia kufika kwenye shanga ya mililita 15 au zaidi. Kijana mwenye kifua kipana na mikono iliyojaa misuli anapoishia kwenye ya mililita 8 au 10, swali linalofuata huulizwa kwa upole: je, umekuwa ukijichoma sindano za kujenga mwili?

Anayejibu ndiyo huwa haamini kwamba homoni aliyoitafuta ili aongeze uanaume ndiyo iliyomwacha bila mbegu. Mshangao huo una msingi, kwa sababu mbegu haziwezi kukomaa pasipo testosteroni. Kinachosahaulika ni mahali inapohitajika, na nani hutoa amri itengenezwe.

Amri hiyo hutoka ubongoni. Sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya GnRH kwa vipindi, takriban kila baada ya dakika 90 hadi 120, wala si kwa mfululizo, kwani ikitiririka bila kukatika tezi ya pituitari iliyo chini yake huacha kuiitikia. Pituitari nayo humwaga katika damu homoni mbili: LH, inayoziagiza seli za Leydig ndani ya korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayoziamsha seli za Sertoli, ambazo ndizo walezi wa mbegu tangu zikiwa seli changa hadi zinapoota mkia.

Anayelijua tangi la maji la nyumbani analijua boya lake: maji yakijaa, boya hupanda na kufunga bomba; yakipungua, hushuka na bomba likafunguka. Ndivyo ilivyo hapa. Testosteroni ikizidi katika damu, ubongo na pituitari hupunguza GnRH, LH na FSH, ikipungua, huziongeza. FSH ina boya la ziada, yaani homoni ya inhibini inayotoka kwenye seli za Sertoli zenyewe. Anayejichoma testosteroni ni sawa na mtu anayelijaza tangi kwa ndoo kutokea juu: boya hupanda, bomba hufungwa, na korodani zisizopata tena LH wala FSH huacha kazi.

Lakini ikiwa damu imejaa testosteroni, mbona mbegu zisitengenezwe? Ni kwa sababu kiwango kilichomo ndani ya korodani kwa kawaida hukipita kile cha kwenye damu kwa makumi ya mara, kwa kuwa homoni hutengenezwa papo hapo, jirani kabisa na mirija midogo inayozalisha mbegu. Sindano haikifikii kiwango hicho. Na kwa kuwa mirija hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ujazo wa korodani, ikilala, korodani husinyaa.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 walichomwa miligramu 200 kila wiki, na 157 kati yao wakafikia hali ya kutoonekana mbegu hata moja. Dawa iliyopimwa kwa ajili ya kuzuia mimba ndiyo leo vijana wanauziana kwenye kumbi za mazoezi.

Kipimo cha damu, ambacho huchukuliwa kabla ya saa nne asubuhi wakati testosteroni iko juu, hueleza mengi hata mgonjwa akikaa kimya. Korodani zikiwa zimechoka zenyewe, LH hupanda kwa sababu ubongo unaendelea kusisitiza. Kwa anayejichoma, testosteroni huweza kuwa juu kupindukia ilhali LH imekaribia sifuri.

Mwenye upungufu halisi uliothibitishwa ana haki ya kutibiwa, ila amweleze daktari mapema kama bado anataka watoto, kwani zipo tiba nyingine, mojawapo ikiwa hCG, inayofanya kazi kama LH. Kwa aliyejianzishia mwenyewe, kuacha kufanyike chini ya uangalizi, maana kabla bomba halijafunguka tena hupitia uchovu, huzuni na kupungukiwa hamu ya tendo. Kwa wengi mbegu hurejea kati ya miezi 6 na 12. Wengine husubiri hadi miaka miwili, na wachache zaidi ya hapo. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa kukomaa njiani kabla ya kutoka, ndiyo maana kipimo cha shahawa tunakirudia baada ya miezi mitatu, wala hatumwiti mtu mapema zaidi hata akiomba.