Je, wajua mwongoza okestra hujifunzaje kazi yake?

Itazame okestra ikiwa jukwaani. Watu 80, pengine 100, kila mmoja na ala yake, na mbele yao amesimama mtu mmoja ambaye hapigi chochote. Haimbi, hana ala, na usiku mzima hatatoa noti hata moja. Hata hivyo jina lake ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na wapiga ala wenyewe watakuambia kwamba okestra ileile, kwa muziki uleule, husikika tofauti akisimama mtu mwingine.

Wengi huuliza mtu huyu anafanya nini hasa, na nitalijibu hilo. Lakini lipo swali linalonivutia zaidi: kazi yenyewe alijifunzia wapi? Anayesomea fidla hufungua kasha lake nyumbani akafanya mazoezi mpaka vidole viume. Anayesomea kuongoza okestra hana kasha la kufungua. Ala yake ni watu, na watu 80 wenye ujuzi hawapatikani kila jioni. Wanalipwa, wana ratiba, na hawana subira na mtu anayebahatisha. Shida hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini shule zake ni chache na kwa nini wengi hukomaa wakiwa wamevuka miaka 40.

Tuanze na kwa nini anahitajika. Zamani hakuwepo. Okestra zilikuwa ndogo, na uongozi ulitoka ndani yake zenyewe. Joseph Haydn alipokwenda London mwaka 1791 kuonyesha simfoni zake, yeye alikaa kwenye kinanda na mpiga fidla Johann Peter Salomon akawaongoza wenzake huku akipiga. Kule Ufaransa, Jean-Baptiste Lully aliyaweka mapigo kwa kugonga sakafu na fimbo ndefu. Januari 1687 fimbo ile ilitua kwenye mguu wake. Kidonda kikaoza, akakataa kukatwa, na mwezi Machi akafa.

Karne ya 19 okestra zilinenepa. Watunzi waliongeza horni, tarumbeta, tromboni, ngoma, na mistari mitatu minne ya fidla tofauti. Hapo fizikia ikaingilia kati. Sauti husafiri mita zipatazo 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye jukwaa lenye upana wa mita 20 inachukua karibu sekunde 0.06 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni muda mdogo, lakini katika muziki wa kasi unatosha kuvuruga. Mpiga tromboni wa nyuma akisubiri kuisikia fidla ya mbele ndipo apige, msikilizaji ukumbini atamsikia amechelewa. Macho hayana tatizo hilo. Wote wakimtazama mtu mmoja, wanapata habari ileile kwa wakati uleule. Hector Berlioz aliandika mwongozo wa kazi hii katika miaka ya 1850, na Hans von Bülow, aliyeiongoza okestra ya Meiningen kuanzia 1880 na baadaye Berlin Philharmonic, akaonyesha kwamba mtu anaweza kujulikana dunia nzima kwa kuongoza tu muziki uliotungwa na wengine.

Lakini kuwaweka watu pamoja ni sehemu ndogo. Wapiga ala wazuri wanaweza kukaa pamoja wenyewe: Orpheus, okestra ndogo ya New York iliyoanza mwaka 1972, haina mwongozaji mpaka leo. Inachohitaji ni muda mwingi zaidi wa mazoezi, kwa sababu kila jambo hujadiliwa. Mwongozaji analeta wazo moja la muziki wote: hapa polepole kiasi gani, pale filimbi isikike juu ya fidla au chini yake, kilele kiko wapi. Na analileta kwa mikono.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven. Noti nne ambazo hata asiyefuatilia muziki wa Ulaya ameshazisikia mahali: tatu fupi, moja ndefu. Kwenye karatasi, hata hivyo, muziki hauanzi na noti. Unaanza na kimya kifupi sana, na noti ya kwanza inaingia mara tu baada yake. Maana yake hakuna sauti ya kushikilia. Ala zote za nyuzi na klarineti mbili zinapaswa kuingia kwa pamoja, kwa nguvu, baada ya kitu kisichosikika. Wanachopewa ni mwendo mmoja wa mkono. Ndani ya mwendo huo lazima wasome kasi, nguvu na ukali wa sauti, yote kabla sauti haijatoka. Mkono ukisita, fidla za mbele zinaingia na besi za nyuma zinafuata, na ukumbi mzima unasikia. Ndiyo maana wanaofanya mitihani na mashindano ya uongozaji hupewa ukurasa huo mara kwa mara.

Kwa hiyo kuhesabu moja, mbili, tatu, nne kwa fimbo ni jambo la wiki chache: chini, kushoto, kulia, juu. Ugumu uko katika kilichotangulia, ile ishara ya maandalizi. Ndiyo inayotoa amri. Pigo lenyewe likifika, noti imeshaamuliwa.

Sasa turudi shuleni. Kuna sehemu ya masomo inayofanyika mezani, na ni kubwa. Mpiga ala huwa na mistari yake tu mbele yake. Mwongozaji ana partitura, kitabu chenye mistari ya kila ala, hata zaidi ya 20 kwa ukurasa mmoja, na anapaswa kuisikia yote kichwani kabla ya kuonana na wapigaji. Wala noti hazisomwi sawa. Klarineti ya kawaida ikiandikiwa do, sauti inayotoka iko chini ya do. Horni iko chini zaidi. Viola ina ufunguo wake wa kusomea. Mwanafunzi huyabadilisha yote hayo kichwani, tena kwenye piano, kwa macho, bila kuandika. Akimaliza hapo kuna kufunza masikio: kutambua kwamba katika sauti ya watu 80 ni fagoti ya pili iliyokosea noti moja.

Yote hayo mtu anaweza kuyafanya chumbani. Bila watu mbele yako, hata hivyo, ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Shule zimejaribu kulitatua hili kwa njia mbalimbali. Urusi ilikuwa na desturi ya mapiano mawili: wapigaji wawili hupiga muziki wa okestra nzima na mwanafunzi huwaongoza. Ilya Musin alifundisha hivyo Leningrad kwa miongo mingi, na kwake wametoka Yuri Temirkanov, Semyon Bychkov na Valery Gergiev. Vienna alikuwepo Hans Swarowsky, mkali wa kuichambua partitura kipimo kwa kipimo. Claudio Abbado na Zubin Mehta walikaa darasani mwake.

Waliolipatia jibu bora, kwa maoni yangu, ni Wafini. Nchi yao ina watu wapatao milioni 5.5 tu, lakini hesabu waongozaji wanaojulikana: Esa-Pekka Salonen, Osmo Vänskä, Jukka-Pekka Saraste, Sakari Oramo, Susanna Mälkki, Klaus Mäkelä. Wote wamepita kwa mwalimu mmoja, Jorma Panula, aliyeshika darasa la uongozaji la Sibelius Academy mjini Helsinki tangu 1973 hadi 1993 na kuendelea kufundisha hata baada ya hapo. Siri yake ni rahisi kueleza na ghali kuitekeleza: darasa lina okestra yake. Mwanafunzi hasimami mbele ya piano wala kioo. Anasimama mbele ya watu wanaopiga, akikosea sauti inakosea palepale. Kamera inamrekodi, na baadaye anakaa na mwalimu kujitazama. Panula ni mtu wa maneno machache. Hakuwafundisha waige mikono yake. Aliwaacha waone kwenye video kwamba bega limepanda juu bila sababu, au kwamba macho yamezama kitabuni wakati horni zinamsubiri.

Jambo la pili: wengi wao walikuwa wapiga ala kwanza, tena wazuri. Salonen alipiga horni, Vänskä klarineti, Oramo fidla, Mälkki na Mäkelä chelo. Mtu aliyewahi kukaa ndani ya okestra anajua ishara ipi inasaidia na ipi ni mbwembwe. Mäkelä aliingia mikononi mwa Panula akiwa na miaka 12, akapewa okestra ya Oslo akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Huyo si wa kawaida, lakini ukihesabu ni saa ngapi alikuwa ameshasimama mbele ya watu, huoni muujiza.

Nje ya shule, njia ya kale zaidi ni nyumba za opera, hasa Ujerumani, ambako kila mji wa kadiri una opera yake inayolipwa na umma. Kijana huanza kama mpiga piano wa mazoezi: anawafundisha waimbaji sehemu zao, anaongoza kwaya nyuma ya pazia, na siku moja mkubwa akiugua anaitwa. Herbert von Karajan alianzia Ulm, mji mdogo, mwaka 1929. Kirill Petrenko alipitia Meiningen na Berlin kabla ya kufika opera ya Munich. Humo mtu hupata kile ambacho shule haiwezi kumpa: jioni baada ya jioni, makosa yake yakitokea mbele ya hadhira ya mji mdogo.

Njia nyingine ni mashindano. Seiji Ozawa alikuwa anasomea piano Japani mpaka alipovunjika vidole akicheza raga. Mwalimu wake Hideo Saito akamgeuzia kwenye uongozaji. Mwaka 1959 akaenda Ufaransa na kushinda shindano la Besançon. Mmoja wa waliomwona huko, Charles Munch, akamwalika Marekani; baadaye akajifunza kwa Karajan, akawa msaidizi wa Leonard Bernstein New York, na kuanzia 1973 akaiongoza okestra ya Boston kwa karibu miaka 30. Nafasi ya msaidizi kama ile ndiyo wengi huililia. Unakaa ukumbini na partitura, unamwambia mkubwa kama tarumbeta zinazidi, na unatakiwa kuujua muziki wote wa wiki hiyo endapo lolote litatokea.

Lililomtokea Bernstein mwenyewe ni la Jumapili, tarehe 14 Novemba 1943. Alikuwa msaidizi wa New York Philharmonic, miaka 25. Bruno Walter, mwongozaji mgeni wa wiki hiyo, akapata mafua makali, na Bernstein akaitwa kushika nafasi yake. Hapakuwa na muda wa mazoezi na okestra, na tamasha lilirushwa redioni nchi nzima. Kipande cha kwanza, cha Schumann, huanza na akodi tatu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zisizoangukia juu ya pigo, tatizo lilelile la Beethoven: ishara, kisha sauti baada ya kimya. Ziliingia. Kesho yake habari ilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times.

Hapo ndipo bahati inapotajwa, na bahati ilikuwepo. Lakini wapiga ala hawadanganyiki. Mwongozaji mgeni huwa na siku mbili tatu za mazoezi kabla ya tamasha, na okestra yenye uzoefu inamjua ndani ya dakika chache: anasimamisha muziki kwa sababu ya maana au kwa kupenda kuongea? Anasikia kosa, au anahisi tu kuna kitu? Berlin wapigaji wenyewe ndio wanaomchagua mkuu wao kwa kura. Mei 2015 walijifungia kanisani zaidi ya saa 11 wakatoka bila jina. Mwezi uliofuata wakamchagua Petrenko.

Uwezo, hata hivyo, haukutosha kwa kila mtu. Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka 1915, aliongoza okestra kubwa za nchi yake akiwa kijana, kisha akakosa kazi ya kudumu huko. Ilibidi ahamie Ulaya mwaka 1949, na aliziongoza okestra za Gothenburg, Frankfurt na Sydney. Mwanamke aitwaye Antonia Brico alisimama mbele ya Berlin Philharmonic mwaka 1930. Ilichukua mpaka 2007 ndipo mwanamke, Marin Alsop, akapewa okestra kubwa ya Marekani, ile ya Baltimore. Kama kujifunza kazi hii ni kusimama mbele ya watu, basi kumnyima mtu jukwaa ni kumnyima shule pia. Naona hilo ni dhuluma mara mbili.

Kinshasa limepatikana jibu jingine kabisa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbangu la Kongo, alianzisha okestra ya waumini wa kanisa hilo. Ala zilikuwa chache, zikapigwa kwa zamu. Nyuzi zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Yeye na okestra yake walijifunza pamoja, na wakafika kuipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven pamoja na kwaya.

Hilo linamhusu mwalimu wa kwaya wa Mwanza au Kisumu kuliko anavyodhani. Mwanafunzi wa Ulaya anaweza kukaa wiki nzima akisubiri dakika zake 20 na okestra. Mwalimu wa kwaya ana watu 40 mbele yake kila wiki, wanaompa jibu papo hapo kama ishara yake imeeleweka. Kwaya nyingi zetu huimba kwa solfa, kwa hiyo akitaka kwenda mbele aanze na noti za mistari mitano, ajifunze ala moja mpaka aipige pamoja na wengine, kisha achukue partitura ya kipande kifupi, cha Haydn tuseme, na kukisoma mstari mmoja mmoja mpaka akisikie chote bila redio. Asihofu umri. Herbert Blomstedt, aliyezaliwa 1927, alivuka miaka 95 akiwa bado anaongoza.