Kukaa mbele ya skrini ni fani ya peke yake

Vijana wengi wa hapa Tanga wanaonifuata kuulizia kazi ya kamera za ulinzi huwa tayari ni mafundi: wanavuta waya, wanafunga DVR, yaani mashine ya kurekodi picha, wanamwonyesha mteja picha kwenye simu. Kazi nzuri. Ila anayekesha chumba cha kamera ana fani nyingine, na inasomewa.

Kwanza leseni, maana mtaani inaelezwa kimakosa. Leseni ya SIA, mamlaka inayosimamia kazi za ulinzi binafsi, ni ya Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2001. Anayeiomba awe ametimiza miaka 18, afaulu mafunzo, achunguzwe kama ana makosa ya jinai, na baada ya miaka 3 aombe upya. Haina nguvu Ngamiani wala Chumbageni hapa Tanga. Mtu akikuuzia “leseni ya kimataifa” ya kamera, usimpe hata shilingi.

Kwetu soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Kipande cha video hakirushwi kwenye grupu la WhatsApp, hata kama aliyeonekana ni mwizi. Ukilenga kazi ya bandarini, kuna pia kanuni za kimataifa za ISPS, za usalama wa meli na bandari, zinazotaka mwenye majukumu ya ulinzi awe amefundishwa.

Somo ninalolikazia kuliko yote ni saa. Shahidi atasema “saa tatu na robo usiku”, mashine itaonyesha 21:21. Je, saa ya mashine imetangulia? Ndiyo maana ukipokea zamu unailinganisha na saa sahihi, na tofauti unaiandika kwenye kitabu cha matukio kabla mtu hajaigusa. Likitokea jambo, toa nakala mapema, kwani diski ikijaa mashine hufuta picha za zamani. Andika nani kaitoa, saa ngapi, kakabidhiwa nani, wote wasaini. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama hupima jinsi kumbukumbu ya kielektroniki, kama video hiyo, ilivyotunzwa. Picha safi isiyo na maelezo hayo wakili ataitikisa.

Mengine ni ya pwani: chumvi kwenye kioo cha kamera, na buibui wanaotanda utando mbele ya taa za infraredi hadi kengele inalia bure usiku kucha. Hayo hayajifunzwi kwenye slaidi. Kabla hujalipa ada, uliza kama utawekwa mbele ya kamera zinazofanya kazi, tena zamu ya usiku.