Msaidizi wa Sheria si Hakimu wa Shehia: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anapotangaza katika shehia yake (mtaa au kijiji chake) hapa Zanzibar, iwe Wete au Makunduchi, kwamba anataka kujitolea kuwa msaidizi wa sheria, yaani raia aliyefundishwa kuwaelekeza wenzake katika mambo ya sheria, maneno atakayoyasikia barazani huwa ya aina mbili: ataulizwa sheria ameisomea wapi, au ataitwa "hakimu" kwa mzaha. Swali hilo na mzaha huo vimewarudisha nyuma watu ambao wangeifaa sana kazi hii, na vimewavuta wengine wasioifaa hata kidogo.

Dhana: Ni lazima uwe mwanasheria.

Si lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar, Namba 13 ya mwaka 2018, inamtambua msaidizi wa sheria kuwa mtoaji wa msaada wa kisheria ingawa si wakili, ilimradi amepata mafunzo na amesajiliwa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimekuwa kikiwafundisha watu wa namna hiyo tangu kabla ya sheria yenyewe kutungwa. Mwalimu wa skuli, mshoni au mkulima wa mwani wa Paje anaweza kuyamudu mafunzo hayo. Kigumu zaidi ni kusikiliza bila ya kukatiza, kuandika maelezo yenye tarehe na majina sahihi, na kuzuia ulimi, kwa sababu anayekuja kukueleza habari za ndoa yake leo utakutana naye kesho harusini, na mume wake utasimama naye safu moja msikitini.

Dhana: Ukishasajiliwa unakuwa na mamlaka ya kuamua.

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa, na haikuzuka bure, kwani zipo nchi ambazo raia wa kawaida anayejitolea huamua kesi kwelikweli. Uingereza na Wales wanao mahakimu wa kujitolea, utaratibu ambao mizizi yake hufikishwa hadi sheria ya mwaka 1361. Hawatakiwi kuwa na shahada ya sheria, hawalipwi mshahara, kwa kawaida huketi watatu pamoja na mshauri wa sheria wa mahakama, na hutarajiwa kutumikia siku zisizopungua 13 kwa mwaka. Huo ni utaratibu wao. Kwetu Zanzibar, hakimu na kadhi ni watu walioteuliwa na wanaofanya kazi chini ya Mahakama, na msaidizi wa sheria hatoi hukumu, hatozi faini, hamwiti mtu kwa hati, wala hasimami mahakamani kumtetea mtu kama afanyavyo wakili.

Anafanya nini basi? Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mtu wa Pemba hatashindwa kuutambua. Mzee mmoja alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, akafariki akaacha watoto watano. Mmoja alibaki shambani akapanda mikarafuu mipya, mwingine amekwishapokea fedha za mtu anayetaka kujenga pembeni mwa shamba, na binti aliyeolewa Unguja hajapata hata pishi ya karafuu. Kila mmoja anasema "shamba letu", na kila mmoja anakusudia kitu tofauti. Msaidizi wa sheria aliyefundishwa vizuri hatatafuta nani mwenye haki, bali ataanza kuupambanua ugomvi, kwa kuwa ndani yake mna mambo matatu yasiyopitia mlango mmoja: mirathi, ardhi na miti. Mirathi ya Muislamu ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ina Mahakama ya Kadhi. Ardhi yenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ni mali ya umma ambayo mtu hupewa haki ya kuitumia, na eka tatu hazikutolewa ili mwenye kupewa aziuze apendavyo. Mzozo wake unaweza kufika Mahakama ya Ardhi, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1994. Tena kuna miti, ambayo katika desturi za visiwa hivi inaweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi. Ndugu hao wakikubaliana, kwa hiari yao, nani achume mikarafuu ipi msimu huu wakati mirathi inasubiri kugawiwa, msaidizi wa sheria anaweza kuwasaidia kuyaandika makubaliano hayo mbele ya mashahidi. Mmoja wao akikataa, kazi ya msaidizi ni kuwaonesha mlango na karatasi za kwenda nazo, basi. Akianza kusema "mimi naona wewe ndiye mwenye haki", amekwishaharibu, hata kama alivyoona ndivyo.

Dhana: Kila jambo linaweza kumalizwa kwa sulhu.

Sisi ni watu wa sulhu, na sulhu ni kitu cha heri katika madeni, mipaka ya viwanja na maneno ya majirani. Lakini mtoto akibakwa au akilawitiwa, hakuna cha wazee kukaa, hakuna cha kuozesha ili kusitiri, na hakuna fedha za kupokea. Hayo ni makosa ya jinai, na msaidizi wa sheria anayekubali kuketi katika kikao cha kuyazima amejiunga na waliomdhulumu mtoto, hata kama alialikwa kwa heshima na mjomba wa familia. Anachopaswa kufanya ni kuhimiza mtoto apelekwe haraka polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na katika kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili kama huo, kabla ya kuogeshwa na kabla ya nguo zake kufuliwa, kwa kuwa ushahidi hupotea upesi na dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Tangu mwaka 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, yaani ukatili wa namna hii. Mahakama hizo haziwezi kuamua kesi ambayo mashahidi wake wamekwishanyamazishwa ukumbini mwa nyumba.

Dhana: Ni kazi ya sheha, au ya wanaume watu wazima.

Sheha ni kiongozi wa Serikali katika shehia, na msaidizi wa sheria anahitaji ushirikiano wake, lakini hafanyi kazi kwa niaba yake. Huenda siku moja mlalamikaji akaja kumlalamikia sheha mwenyewe. Ama wanawake, nadhani ndio wanaohitajika zaidi. Malalamiko mengi ya ndoa yana mambo ambayo mwanamke hatamtamkia mwanamme asiyemhusu, na hapo huweza kupotea haki zake za matunzo ya watoto, au za mgao wa mali alizochangia kuzichuma katika ndoa, suala ambalo Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017 imelipa nafasi.

Dhana: Kuna posho.

Hakuna mshahara, na anayesaidiwa hatozwi kitu, hata ikiitwa "ya maji" au "ya karatasi". Mwenye hamu ya kujitolea aanzie katika jumuiya ya wasaidizi wa sheria ya wilaya yake, au Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria, aulize mafunzo yanayofuata ni lini. Aulize pia nauli ya kufuatilia mambo Chake Chake au mjini hutoka wapi, kwa sababu wengi huitoa mfukoni mwao.