Mgongo ukiuma miezi na miezi: kazi iendelee, ila kwa kipimo

Wagonjwa wengi wa mgongo hufika kwetu fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) na bahasha ya eksirei mkononi, wakiwa wameshaambiwa kuwa pingili zimesagika. Tangu siku hiyo wameacha kuinama, wameacha jembe, wengine hata mtoto hawambebi. Mabadiliko hayo ya pingili huja na umri, na hupatikana pia kwa watu wengi wasioumwa chochote. Picha peke yake haielezi kwa nini unaumwa.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Kufikia hapo, mara nyingi jeraha la mwanzo limeshapona, ila neva na ubongo vimezoea kushtuka upesi. Kukosa usingizi, mawazo na hofu huyaongezea makali. Unaumwa kweli, wala hujisingizii. Lakini mgongo kuuma leo si dalili kwamba umeharibika zaidi ya jana.

Kinachowaponza wengi ni siku ya nafuu. Mama anaamka mwepesi, anafua nguo za wiki nzima, anachota maji, anapalilia. Kesho yake kitandani hatoki, na anakaa hivyo siku kadhaa. Misuli inalegea, na safari nyingine kazi ndogo tu inamlaza. Kama kuinama kwenye beseni humuuma baada ya dakika 15, tunamwambia afue dakika 10, anyooke, atembeetembee uani, ndipo arudi. Afuate kipimo hicho hata akijisikia vizuri, kisha aongeze dakika moja au mbili kila wiki. Maumivu yakipanda kidogo na kutulia kufikia kesho yake, asiache.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza elimu na mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, na haupendekezi mkanda wa mgongo kama tiba ya kawaida. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nayo isiwe ya kununua dukani kila wiki: ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha.

Ila mkojo ukigoma au ukikutoka bila kujijua, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikiisha nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pia visipuuzwe, maana kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na kina dawa.