Homa ya Ini B: Usisubiri Macho Yageuke Manjano

Homa ya ini ni nini?
Ni ini kushambuliwa na virusi, navyo viko vya aina tano: A, B, C, D na E. A na E huja na maji au chakula chenye kinyesi, na wengi hupona wenyewe, ingawa E ni hatari kwa mjamzito. Kinachotujazia wodi ni B.

B huambukizwaje?
Kwa damu, kwa ngono bila kinga, na kutoka kwa mama wakati wa kujifungua. Wembe mmoja kuchanjia chale ukoo mzima? Acheni, jamani. Kirusi hiki huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata damu ikishakauka. Kula sahani moja hakuambukizi, kwa hiyo msimtengee mgonjwa kikombe.

Nilichangia damu nikaambiwa nina B, lakini sina dalili na macho ni meupe.
Nenda kliniki wiki hii. Wengi wenye B hukaa miaka bila dalili yoyote huku ini linaharibika. Tunawapokea tumbo limejaa maji, miguu imevimba, na mfukoni mna karatasi ya majibu ya zamani iliyokunjwa mara nne. Hapo ini limeshasinyaa, au ni saratani.

Lakini najisikia mzima kabisa.
Hata hivyo nenda! Si kila mwenye B huanzishiwa dawa, ila kila mmoja lazima afuatiliwe kwa vipimo. Anayehitaji hupewa vidonge, kwa kawaida tenofovia, vinavyomzuia kirusi kuzaliana.

Jirani yangu alipona kwa mitishamba ya kusafisha ini.
Hakuponywa na mitishamba. Watu wazima wanaoambukizwa, zaidi ya 9 kati ya 10, miili yao hukiondoa kirusi yenyewe; sifa ikaenda kwenye chupa. Baadhi ya hizo dawa zenyewe huua ini.

Na mtoto mchanga?
Kwake ni kinyume: akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki nacho. Mjamzito, pima. Uliza kama hospitali yako inatoa chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha usikose zile za wiki ya 6, 10 na 14.

Mimi mtu mzima nichanje?
Pima kwanza, maana chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Ukiwa huna, ni sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wengi wenu hupotea baada ya ya pili. Rudini mmalizie.