Koneksheni ya LinkedIn ni nini hasa, maana sio ile ya mjomba ofisini

Ukitaja neno koneksheni kijiweni hapa Bongo kila mtu anaelewa kitu kimoja tu, kwamba una mtu ndani. Mjomba yuko wizarani, shemeji anakaa meza moja na mtu wa rasilimali watu, kazi inatangazwa kutimiza utaratibu tu ila jina lishapita. Sasa kijana anafungua LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, anabonyeza bonyeza anaomba watu urafiki, baada ya miezi kadhaa profaili inasoma 500+ halafu anakuja kuniuliza, bro mbona nina koneksheni mia tano na hakuna hata mmoja aliyenipa mchongo? Swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba neno ni moja ila vitu ni viwili, na nadhani wengi wetu tunaitumia ile ya pili tukitegemea matokeo ya ile ya kwanza.

Koneksheni ya mjomba ni nguvu, mtu anakusukuma. Koneksheni ya LinkedIn ni njia, yaani habari inapita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, basi. Huyo mtu hana deni na wewe, hakujui mama yako, hawezi kukusukuma hata kama angetaka, anachoweza ni kusikia kitu kinachokuhusu na kukitupia upande wako, au kukutaja mahali ambapo we haupo.

Ukiangalia pembeni ya jina la mtu mle LinkedIn kuna kanamba, 1, 2 au 3. Wa kwanza ni yule mlokubaliana kuunganishwa. Wa pili hamjaunganishwa ila kuna mtu kati anayewajua wote. Wa tatu yuko hatua moja mbele zaidi. Biashara nzima imekaa kwenye hako kanamba. Reid Hoffman na wenzake waliufungua huo mtandao Mei 2003, na 2016 Microsoft wakaununua kwa dola bilioni 26.2, sasa jiulize pesa yote hiyo walikuwa wananunua nini, maana posti za watu kujisifu "nina furaha kuwatangazia" sidhani kama zina thamani hiyo hahaha. Walinunua ramani ya nani anamjua nani.

Hii ramani sisi tunayo siku nyingi, inaitwa kamati ya harusi. Fikiria vile vikao, mwenyekiti ni bosi wa benki, mweka hazina ana duka la vipuri Kariakoo, katibu ni nesi, kuna jamaa wa bandarini, kuna dada anafanya bima, na wote hawa hawajuani, kinachowaunganisha ni kwamba wanamjua bwana harusi. Kikao cha tatu tu ushasikia fulani anatafuta dereva, fulani ofisini kwao wanahamisha stoo wanataka mtu wa kusimamia. Harusi ikiisha grupu la WhatsApp linakufa, ila namba zinabaki kwenye simu. Wale ndo wako wa ngazi ya pili waliogeuka kuwa wa kwanza.

Na kwanini hao wa mbali mbali ndo wanaleta michongo kuliko mshkaji unayelala naye geto moja? Kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, aliandika jambo hili 1973 baada ya kuwauliza watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Aliwauliza, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wanaonana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Waliokuwa wanaonana mara moja moja 55.6, na wale wa kuonana kwa nadra sana, labda mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, 27.8. Sababu yake ukiisikia unajiona mjinga kwa kutoijua, ni kwamba mshkaji wako wa karibu anajua yale yale unayoyajua we, mko grupu moja, mnasoma tangazo moja, mnakosa wote. Yule wa mbali anaishi kwenye dunia nyingine na habari zake we huna.

2022 watafiti wakarudi kulipima hilo ndani ya LinkedIn yenyewe, watu zaidi ya milioni 20, miaka mitano, wakagundua Granovetter hakukosea ila kuna kipimo, anayesaidia zaidi ni wa mbali kiasi, sio wa karibu kabisa wala yule ambaye hamna hata mtu mnayemjua wote. Na kuna kipande hapo nakipenda sana, kwamba kwenye fani zilizoingia sana dijitali wa mbali ndo anabeba, ila kwenye fani ambazo hazijaingia huko wa karibu bado ana nguvu. Kwa hiyo mjomba hajafa jamani, inategemea unatafuta kazi gani.

Haya, profaili inaingia wapi hapo. Watu wanadhani profaili ni CV imewekwa mtandaoni. Mi naona CV unampa mtu aliyekuomba, anakaa anaisoma. Profaili inasomwa na mtu hajakuomba kitu, yuko kwenye daladala, ana sekunde chache, na pengine ni yule wa mbali anayetaka kukutaja kwa mtu mwingine ila hakumbuki vizuri unafanyaga nini. Ukishaelewa hivyo kila kitu unakiandika tofauti, maana unamwandikia yeye maneno ya kusema akikutaja.

Mfano binamu yangu. Anafanya kliaringi, miaka sita yuko bandari ya Dar, na ni mtu anayejua kazi kweli, anajua mzigo ukikwama anaanzia wapi. Alinipa simu nimwangalizie profaili yake. Picha, ya send-off, suti imekaa vizuri ila begani kuna mkono wa mtu aliyekatwa kwenye picha. Mstari wa chini ya jina kaandika kwa Kiingereza kwamba ni mchapakazi mwenye ari anayetafuta fursa yoyote. Nikamuuliza, mi nikiwa nimekaa na mtu ana greda lake limekwama bandarini, nitamwambia kuna binamu yangu mchapakazi mwenye ari? Akacheka. Fursa yoyote maana yake hakuna fursa, mtu hawezi kukubeba kama hajui akupeleke wapi.

Tukakaa. Unatoa nini bandarini? Mizigo. Mizigo gani? Magari sana sana, na mashine. Kutoka wapi? Japani, siku hizi China pia. Una cheti? Ninacho, kile cha EACFFPC cha wakala wa forodha Afrika Mashariki. Mbona hakipo humu? Kimya. Mwisho ule mstari ukasomeka hivi, ukiutafsiri, Wakala wa forodha bandari ya Dar es Salaam, magari na mashine nzito kutoka Japani na China, cheti cha EACFFPC. Nafasi ipo ya herufi 220, haikuisha hata. Tuliandika Kiingereza kwa sababu wanaotafuta watu wanaandika maneno ya Kiingereza kwenye kile kisanduku cha kutafutia, na kama neno halipo kwenye profaili yako hauibuki, hata ungekuwa fundi wa namna gani.

Kile kipengele cha kujieleza nako tulifuta hadithi ya "nilizaliwa na kiu ya mafanikio". Mistari michache ya mwanzo ndo inaonekana, mingine mpaka mtu abonyeze, kwa hiyo pale juu tukaweka aina ya mzigo, njia anayoijua na mteja anapotakiwa kuwa na nyaraka gani kabla meli haijafika ili asilie na gharama za kontena kukaa bandarini. Hiyo sentensi ya nyaraka ndo iliyomfanya aonekane anajua kazi kuliko sifa zote alizokuwa amejipa. Zile klik za watu kukuthibitishia ujuzi mi sizihesabu, mtu anabonyeza hata hajui. Ila pendekezo la maneno lililoandikwa na mteja kwa jina lake, hata mistari mitatu, lile lina uzito, omba kwa watu wawili watatu uliowafanyia kazi ikaisha vizuri.

Angalizo moja la haraka kwa walioko kazini, kabla hujaanza kubadilisha badilisha zima ile ya kuwataarifu watu wako, la sivyo bosi anaona umeamka usiku unapamba profaili na asubuhi anakuuliza unaenda wapi. Ile ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi (Open to Work) nayo unaweza kuiweka waione waajiri tu, ila LinkedIn wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia kwamba kampuni yako haitaona.

Kukonekti sasa. Hapa ndo tunaharibu. Kile kiujumbe cha kuombea kuunganishwa ni kifupi, na wengi wanatuma bila neno lolote, au wanaanza "Habari mkuu naomba kazi". Mtu hakujui, unamuomba kazi ya nini, unamfanya mjomba wakati sio mjomba. Binamu alikuwa anataka kumfikia dada mmoja wa kampuni inayoingiza vipuri, nikaangalia, ana namba 2, aliye kati yao ni jamaa aliyesoma naye chuo. Tukaandika: "Habari dada, nimesoma na fulani. Niko kliaringi upande wa mashine, nimesoma posti yako kuhusu mzigo kuchelewa, na sisi limetukuta hilo. Ningefurahi kukufuata hapa." Hakuna ombi hapo. Kuna anayetujua wote, kuna ninachofanya, kuna kilichonileta kwako. Akakubali siku ya pili. Binamu hakuomba kitu kwa wiki kadhaa, alikuwa anajibu tu posti zake pale anapokuwa na la maana, na hilo ndo lilikuwa gumu kwake kuliko yote maana vijana tuna haraka.

Na usipotelee huko tu. Kama we ni fundi wa fenicha, mpishi wa shughuli au msusi, wateja wako hawapo LinkedIn, wako Instagram na WhatsApp Business, weka picha za kazi, bei ya kuanzia na mtaa ulipo, mantiki ni ile ile ya kumrahisishia mtu kukutaja. Kazi za serikali nazo zinapita Ajira Portal, huko hata ukiwa na koneksheni elfu mfumo hauulizi. Na anayekuja inboksi kukuahidi kazi ya nje halafu anaomba hela ya fomu au ya vipimo, mblokie, usimjibu hata.

Binamu mchongo wa kwanza haukutoka kwa yule dada. Alitafutwa na mtu asiyemjua kabisa, yuko Mwanza, ana mashine ya kuchimba visima iko njiani kwenye meli, jina alipewa na yule dada. Akanipigia simu saa nne usiku amepanik, kaka nimjibu nini, nikamwambia muulize meli inafika lini na bili ya shehena, ile hati ya meli ya kuchukulia mzigo, anayo mkononi au bado.